Mafuta ya Taa Hayakumwokoa Nyangumi

Mwalimu akikosea ubaoni hana budi kufuta mbele ya macho yale yale yaliyomwona akiandika. Insha hii ni kufuta kwangu.

Shuleni kwetu hapa Moi's Bridge, si mbali na daraja la mto Nzoia, wanafunzi hufanya mjadala kila Ijumaa jioni. Siku moja hoja ilikuwa kwamba uvumbuzi watosha kuilinda misitu yetu, wala hapana haja ya sheria kali. Kijana mmoja wa upande wa kuunga mkono alisimama akanena kwa ufasaha mkubwa. Alisema kuwa zamani Wamarekani waliwawinda nyangumi ili wapate mafuta ya kutia katika taa zao, hata wanyama hao wakakaribia kwisha. Kisha, mwaka 1859, mafuta ya ardhini yakachimbwa huko Pennsylvania. Mafuta ya taa yakawa rahisi, na nyangumi wakasalimika bila ya askari wala hakimu. "Basi," akamaliza, "tuwaache wachoma makaa wa Cherangani. Gesi ikishuka bei, msitu utapona wenyewe." Ukumbi ulijaa makofi. Upande wake ulishinda, na mwamuzi aliyeupa ushindi nilikuwa mimi.

Niliupa ushindi kwa sababu kisa kile nami nilikuwa nimekisoma nikakiamini. Baadaye moyo haukutulia. Nilikifuata tena hatua kwa hatua, nikakuta kwamba mwanzo wake ni kweli na mwisho wake ni uongo. Tena si uongo mdogo, maana juu yake hujengwa uvivu mkubwa: uvivu wa kungoja fundi wa mbali avumbue kitu, ili sisi tusalimike na kazi ya kujizuia. Kwa hiyo naomba msomaji anifuate, tukipime kisa hiki chote.

Nianze na yaliyo kweli. Karne mbili na zaidi zilizopita, watu wa kisiwa cha Nantucket, na baadaye wa mji wa New Bedford, katika jimbo la Massachusetts, walijifunza kuwafuata nyangumi katika bahari kuu. Merikebu zao za matanga zilikaa baharini miaka mitatu, pengine minne. Nyangumi alipoonekana akitoa pumzi, mashua ziliteremshwa. Mabaharia wakapiga makasia mpaka ubavuni pake, na mmoja akamtupia chusa lililofungwa kamba ndefu. Nyangumi alikimbia akiiburuta mashua mpaka akachoka, ndipo akamalizwa kwa mkuki. Mafuta ya mwili wake yalikatwa vipande na kuchemshwa katika vyungu vikubwa vya chuma vilivyojengewa matofali juu ya sitaha, kisha yakatiwa katika mapipa. Nyangumi wa kichwa kikubwa alipendwa kuliko wote, maana kichwani mwake mna mafuta meupe yaliyotoa mishumaa isiyo na moshi wala harufu mbaya.

Kazi hiyo ilitajirisha watu. Mnamo mwaka 1846 Marekani ilikuwa na merikebu zaidi ya 700 za kuwinda nyangumi, nyingi kuliko za mataifa mengine yote pamoja. Taa za barabarani, minara ya kuongozea vyombo na mitambo ya viwanda vilitumia mafuta hayo. Vipande vilivyo kama pembe vinavyoota kinywani mwa nyangumi wasio na meno, ambavyo wao huchujia chakula chao, vilitiwa katika miavuli na katika mavazi ya kubana viuno vya mabibi.

Wala msomaji asidhani kwamba mambo haya yalikuwa mbali na kwetu. Watu wa pwani walimjua nyangumi tangu kale, wakaiokota ambari iliyoletwa ufukoni na mawimbi, wakaiuza kwa thamani kubwa; lakini hicho kilikuwa kipawa cha bahari, hawakukifuata kwa merikebu 700. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Wamarekani walileta nguo ambayo mpaka leo jina lake ni merekani. Wakachukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Katika bandari hiyo hiyo wawindaji wa nyangumi nao walitia nanga kutafuta maji, kuni na vyakula. Kijana mmoja aliyeitwa J. Ross Browne alikuwa baharia wa merikebu ya namna hiyo. Aliiacha Unguja katika miaka ya 1840, akakaa huko kwa muda, na mwaka 1846 akachapisha kitabu juu ya safari yake. Humo alieleza chakula kibovu, viboko, na ujira uliomfanya baharia kuwa mtumwa wa deni lake. Maana mabaharia hawakulipwa mshahara, walipewa fungu la faida. Nahodha aliweza kupata fungu moja katika kumi na tano hivi. Baharia mgeni wa kazi alipata fungu moja katika mia mbili au karibu yake, na katika hilo alikatwa bei ya nguo na tumbaku aliyokopeshwa melini. Wako waliorudi nyumbani baada ya miaka mitatu wakiwa wadeni. Jambo hilo tuliweke akilini, nitalirudia.

Kisha kukaja kushuka. Ni kweli kwamba mwaka 1859 Edwin Drake alipata mafuta ya ardhini kule Titusville, na ni kweli kwamba mafuta ya taa yaliyotokana nayo yaliyashinda mafuta ya nyangumi kwa bei. Lakini hata hapo sababu hazikuwa moja. Nyangumi walio karibu walikuwa wamepungua zamani, na kila safari ilizidi kuwa ndefu na ya gharama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliteketeza merikebu nyingi. Moja ya manowari za Kusini, Shenandoah, ilikamata zaidi ya ishirini katika bahari ya kaskazini mwaka 1865. Mwaka 1871 barafu ya Aktiki ilizibana merikebu zaidi ya thelathini, zikaachwa huko huko. Matajiri wa New Bedford nao walikuwa wamekwisha kuona faida katika viwanda vya nguo za pamba, wakahamishia fedha zao huko. Katika miaka ya 1920 safari za mwisho zilikwisha, na leo merikebu iliyobaki ni Charles W. Morgan, iliyojengwa mwaka 1841, ambayo huhifadhiwa Mystic katika jimbo la Connecticut ili watu waitazame.

Hapa ndipo kijana wangu aliposimama, na hapa ndipo niliposimama nami. Tulimwona mwindaji amekufa, tukadhani kwamba windo limepona. Lakini kufa kwa kazi ya Wamarekani ni jambo moja, na kupona kwa nyangumi ni jambo lingine.

Tazameni yaliyofuata. Katika miaka ya 1860 Svend Foyn wa Norwei aliunda mzinga wa kurusha chusa lenye baruti, akaufunga juu ya meli ya mvuke. Nyangumi wa buluu, aliyekuwa akiwaacha nyuma wapiga makasia, sasa aliweza kufuatwa na kuuawa. Mnamo mwaka 1904 kituo cha kwanza kilifunguliwa katika kisiwa cha South Georgia karibu na barafu ya kusini, na tangu 1925 zikaja meli zilizo viwanda, zenye mlango wa nyuma wa kumpandisha nyangumi mzima sitahani. Meli hizo ziliendeshwa kwa nini? Kwanza makaa ya mawe, kisha mafuta ya ardhini: yale yale tuliyoambiwa kuwa ndiyo mwokozi.

Na nani aliyanunua mafuta ya nyangumi, hali taa zimekwisha kupata mafuta mengine? Sayansi ilimpatia mteja mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu waligundua njia ya kuyagandisha mafuta ya maji yakawa mafuta mazito, na nyangumi akageuka majarini ya kupaka mkate na sabuni ya kufulia. Aliyeondolewa katika taa alirudishwa mezani. Hata gari, mtoto wa mafuta ya ardhini, lilimtaka nyangumi: mafuta ya yule wa kichwa kikubwa yalitiwa katika giaboksi za magari ya Marekani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, sheria ilipoyakataza.

Sasa tuhesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Wataalamu wamekadiria kwamba katika karne ya 20 nyangumi karibu milioni 2.9 waliuawa duniani. Kwa nyangumi wa kichwa kikubwa, zama zote za matanga hukadiriwa kuwa ziliwaua karibu 300,000. Karne ya 20 iliwaua zaidi ya 700,000. Msimu mmoja tu wa 1930 na 1931 ulimaliza zaidi ya nyangumi wa buluu 28,000 katika bahari za kusini. Haya yote yalitendeka baada ya mafuta ya taa kupatikana. Ikiwa huyo ndiye mwokozi, basi mauaji makubwa yalifanyika mwokozi akiwa amekwisha kufika, tena akishika usukani.

Nani basi aliyeyasimamisha? Ni sheria, na sheria yenyewe haikufaulu siku ya kwanza. Mwaka 1946 mataifa yalitia sahihi mkataba wa kusimamia uwindaji huo. Lakini kwa miaka mingi idadi iliyoruhusiwa ilipangwa na wale wale waliopata faida, ikawa kubwa mno. Wako waliodanganya waziwazi: meli za Urusi ya Kisovieti ziliua nyangumi-nundu zaidi ya 40,000 katika bahari za kusini na kuandika katika ripoti zao sehemu ndogo tu ya hesabu hiyo, ukweli ulitoka katika miaka ya 1990. Mambo yalianza kunyoka wasimamizi wa nchi nyingine walipokubaliwa kupanda melini mwaka 1972, na kura ya mwaka 1982 ilipokataza uwindaji wa biashara kuanzia 1986. Katika kazi hiyo jirani zetu walikuwa na sehemu yao. Visiwa vya Shelisheli, nchi ndogo sana, ndivyo vilivyotoa shauri la kuifanya Bahari ya Hindi hifadhi ya nyangumi, nalo likakubaliwa mwaka 1979. Kenya iliingia katika mkataba mwaka 1981.

Najua sheria hiyo ina matundu. Norwei na Aislandi ziliipinga, na Japani ilijitoa mwaka 2019 ili iwinde katika maji yake. Lakini pimeni kwa matokeo. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Julai hivi, nyangumi-nundu hutoka kwenye barafu ya kusini wakaja kuzaa katika maji yetu ya joto; watu wa Watamu huwaona wakiruka juu ya maji pamoja na watoto wao. Hawa ni wajukuu wa wale waliosazwa na chusa. Wapo kwa sababu watu walikubaliana kuacha, wakawekeana macho.

Iwapo msomaji angali na shaka, na atazame mnyama wa nchi yetu wenyewe. Mji wetu huu uliitwa Hoey's Bridge zamani za wakoloni, kwa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi. Wakati ule Unguja ilikuwa imekwisha kupeleka pembe Marekani kwa miaka mingi, nazo zikageuzwa vipande vya kubonyeza vya piano katika miji midogo ya Connecticut. Tangu karne ya 19 seluloidi ilivumbuliwa ili ichukue nafasi ya pembe, na baadaye ikaja plastiki, rahisi kuliko zote. Je, plastiki ilimwokoa ndovu? Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973. Kufika 1989, katika zama za plastiki, walisalia 16,000 hivi. Mwaka huo, mwezi wa Julai, Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia, na kabla ya mwaka kwisha mataifa yakakubali kupiga marufuku biashara ya pembe. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha ndovu zaidi ya 36,000. Mshindani rahisi alikuwapo muda wote. Kilichokosekana ni katazo na mlinzi.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na makaa yake. Sisemi kwamba gesi ni bure. Mama apikaye kwa gesi haumwi macho kwa moshi, wala bintiye hakosi shule kwa kutafuta kuni; gesi na ije, na bei yake ishuke. Vilevile ni haki kukiri kwamba kama watu wangekuwa hawana taa nyingine, katazo la kuua nyangumi lingekuwa gumu zaidi kukubaliwa. Uvumbuzi hurahisisha kujizuia. Lakini kurahisisha kujizuia si kujizuia. Mti wa Cherangani usipokuwa makaa utakuwa mbao. Usipokuwa mbao utakuwa nguzo. Usipokuwa nguzo utafyekwa ili pandwe mahindi au viazi. Kama nyangumi alivyotoka katika taa akaingia katika majarini, ndivyo mti utakavyotoka jikoni ukaingia kiwandani. Kitu kisicho na mlinzi hakikosi mnunuzi.

Wako watakaoniambia kwamba sheria kali humwonea maskini, kwa kuwa mchoma makaa ana watoto wa kulisha. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote, maana wazazi wa baadhi ya wanafunzi wangu huishi kwa kazi hiyo. Lakini mkumbukeni baharia wa fungu la mia mbili. Yeye ndiye aliyetupa chusa, aliyepigwa na mkia wa nyangumi, aliyerudi na deni. Waliojenga majumba ya fahari kule New Bedford ni wenye merikebu. Mchoma makaa hufunga gunia lake mlimani kwa bei ndogo, na kila mkono unaolipokea mpaka mjini huongeza faida yake. Msitu ukiisha, mwenye lori atahamia kwenye biashara nyingine, kama matajiri wa New Bedford walivyohamia kwenye pamba. Mchoma makaa atabaki na kilima kikavu. Basi sheria iliyo njema imwanze mwenye lori, wala isimwache mchoma makaa bila ya kazi nyingine: apewe kazi ya kuotesha na kulinda miche, alipwe kwa wakati. Sheria inayomkamata mwenye gunia moja na kumpisha mwenye magunia mia ni sawa na ripoti za zile meli za Kisovieti: jina lipo, ukweli haupo.

Na serikali nayo isilegeze mkono. Mwaka 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mwaka 2023 Rais William Ruto akatangaza kuliondoa katazo hilo, na shauri likafika mahakamani. Watu wazima hubishana kama yafaa au haifai. Mimi nasema hivi: kabla ya kuruhusu shoka, na tuoneshwe daftari. Miti mingapi imesimama, mingapi itakatwa, mingapi imepandwa ikashika, na nani, asiyepata faida, amehesabu?

Maji ya Nzoia yapitayo chini ya daraja letu hutoka Cherangani na Mlima Elgon. Huteremka Webuye na Mumias, na mvua ikizidi huwafurikia watu wa Budalang'i kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Kila mti uangukao juu huko ni tope zaidi katika maji hayo. Bandu bandu huisha gogo, wahenga walisema. Wala hawakusema kwamba gogo likikaribia kwisha atatokea fundi wa kuliongeza.

Ijumaa ijayo nitasimama mbele ya mjadala ule ule, niseme kwamba ushindi nilioutoa haukustahili. Sitamwaibisha kijana, maana alisema kwa ufasaha yale ambayo walimu wake walimfundisha. Nitamwomba jambo moja tu: aupande upande wa pili, atetee mti kwa ulimi ule ule. Nanyi mnaosoma, mkisikia mtu akinena kwamba tusijisumbue, kwamba chombo kipya kitatuokoa, msimbishie kwa hasira. Mwulizeni kwa upole: mafuta ya taa yalipofika, nyangumi milioni 2.9 waliuawa na nani?